Kuni za Loughton

Katika mji mdogo wa Loughton, kaskazini-mashariki mwa London, kuna jumba la matofali mekundu liitwalo Lopping Hall. Jina hilo limetokana na kazi ya kukata matawi ya miti kwa ajili ya kuni. Jumba lilifunguliwa mwaka 1884, na fedha zilizolijenga zilikuwa fidia: wakazi walilipwa kwa kupoteza haki ya kujipatia kuni za bure kutoka Msitu wa Epping. Kisa cha haki hiyo husimuliwa mara kwa mara kama ushindi wa wanyonge dhidi ya mwenye mali. Ushindi ulikuwepo, lakini waliouanzisha sio waliougawana.

Ili kuelewa kilichopotea, ni lazima kurudi nyuma hadi kwa wafalme wa Kinormani. Baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, William na warithi wake walitenga maeneo makubwa kwa ajili ya uwindaji wao. Neno “msitu” katika sheria zao halikuwa na maana ya miti mingi. Lilikuwa na maana ya ardhi iliyo chini ya sheria ya mfalme ya uwindaji, ikiwemo malisho, mashamba na hata vijiji. Aliyeishi humo aliona kuni mlangoni pake na asiweze kuzigusa bila hofu. Mnamo tarehe 6 Novemba 1217, kwa jina la Henry III aliyekuwa mtoto wa miaka kumi, ulitolewa Mkataba wa Msitu. Ni ndugu mdogo wa Magna Carta, na hutajwa kwa nadra, ingawa kwa mtu wa kawaida huenda ndio uliokuwa na manufaa zaidi. Ulipunguza eneo la misitu ya mfalme, ukafuta adhabu ya kifo na ya kukatwa viungo kwa walioua paa wa mfalme, na ukatambua matumizi ya watu walioishi ndani ya misitu hiyo. Katika mwaka huohuo toleo jipya la Magna Carta liliongeza kwamba mjane apewe mahitaji yake ya kiasi kutoka ardhi ya pamoja.

Mahitaji hayo yaliitwa kwa neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kile kisichoepukika, na wanasheria waliyagawa kwa makini: kuni za moto, mbao za kukarabati nyumba, miti ya kutengenezea jembe la kukokotwa, vijiti vya ua. Kipimo cha haki kilikuwa haja. Mtu alichukua kiasi cha meko yake, hakuchukua kiasi cha nguvu zake. Kwa msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kuni ni za kupikia, inafaa kukumbusha kwamba huko kuni zilikuwa pia blanketi la nyumba nzima. Moto ukizimika Januari, aliyelala chumbani alikuwa hatarini, hasa mtoto mchanga na mzee.

Haki ya namna hii iliweza kuishi kwa muda ambao mti haukuwa na bei kubwa. Karne ya 19 iliubadilisha mti ukawa bidhaa, na ardhi iliyo karibu na miji ikawa kiwanja. Hapo ndipo mtu aliyeinama kuokota ukuni alipoanza kuitwa mwizi. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Ujerumani. Mwaka 1842 mwandishi kijana, Karl Marx, aliandika katika gazeti la Rheinische Zeitung mfululizo wa makala kuhusu mjadala wa baraza la jimbo la Rhine juu ya sheria ya wizi wa kuni. Sheria hiyo ilitaka anayeokota matawi makavu yaliyoanguka ahesabiwe sawa na anayeukata mti uliosimama. Marx alishikilia kwamba hivyo ni vitendo viwili tofauti. Kwa Kiswahili hoja yake ingekuwa fupi, maana lugha yenyewe imeshaamua: kusenya kuni ni neno moja, kukata mti ni jingine, na hakuna anayeyachanganya. Miaka mingi baadaye Marx alieleza kwamba suala hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kushughulikia masuala ya uchumi. Na utaalamu huohuo wa misitu wa Kijerumani ulivuka bahari: katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, sheria ya mwaka 1904 iliiwezesha serikali ya kikoloni kutenga misitu ya hifadhi na kudhibiti matumizi ya wenyeji.

Loughton ilikuwa na ugumu wake wa ziada, kwa sababu watu wake hawakuishia kwenye kusenya. Desturi yao iliwaruhusu kukata matawi mabichi, hasa ya mti mgumu uitwao hornbeam ambao huwaka kwa joto kali. Walipaswa kukata juu ya kimo cha mtu, ili machipukizi yasifikiwe na paa na ng’ombe, na shina waliliacha. Baada ya miaka kadhaa mti ulichipua tena na kukatwa tena, hivyo msitu ukajaa miti mifupi minene yenye vichwa vya matawi, mingine ikiwa na umri wa karne nyingi. Msimu ulifuata baridi: ulianza usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Novemba na kwisha tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George. Watu waliamini kwamba asipopatikana hata mmoja wa kupiga shoka la kwanza usiku huo, haki ingekufa kwa wote. Husimuliwa pia kwamba mwaka mmoja waliandaliwa karamu yenye pombe tele ili saa sita iwapite wakiwa wamelewa, na kwamba mzee Thomas Willingale alitoka, akakata tawi na kurudi nalo mezani. Kisa hicho kina sura ya ngano, lakini kinaonyesha jinsi walivyoielewa haki yao: kitu kinachohitaji kutendwa kila mwaka.

Katikati ya miaka ya 1860, Kasisi John Whitaker Maitland, ambaye pia alikuwa bwana wa ardhi ya kijiji, alizungushia ua ekari zipatazo 1,300 za msitu. Willingale na jamaa zake waliendelea kukata. Mwaka 1866 mwanawe Samuel na ndugu wengine wawili walihukumiwa kifungo cha siku 7 pamoja na kazi ngumu.

Chama cha kutetea ardhi za pamoja, kilichoanzishwa mwaka 1865, kilimsaidia mzee huyo kufungua kesi. Kikwazo kikuu hakikuwa Maitland bali hukumu ya mwaka 1607, iliyosema kwamba “wakazi” wa mahali ni kundi lisilo na mipaka, haliwezi kudai kwa desturi tu haki ya kuchukua mazao ya ardhi ya mwingine. Njia iliyobaki ilikuwa kudai kwamba haki ilitokana na tunu ya mfalme. Ndiyo sababu simulizi ya kijiji kwamba Malkia Elizabeth I aliwapa wakazi kuni hizo ilipata uzito mahakamani, ijapokuwa hati yenyewe haikuwepo. Jaji Romilly alikubali kwamba tunu ya aina hiyo kwa wakazi ingeweza kuwa halali, na kesi ikaruhusiwa kuendelea. Lakini ili aendelee kuwa mdai, Willingale alitakiwa aendelee kuwa mkazi. Inasimuliwa kwamba alinyimwa kazi, akapata taabu ya kupangishwa nyumba, na akaahidiwa pauni 500 aachane na shauri. Hakuachana nalo. Alifariki mwaka 1870, na kesi ikafa pamoja naye.

Aliyeshinda alikuwa mwingine. Halmashauri ya Jiji la London ilimiliki ardhi ya makaburi pembezoni mwa msitu, na umiliki huo uliipa haki ya kulisha mifugo katika msitu wote. Kwa haki hiyo ya ng’ombe, iliyopatikana kwa mlango wa makaburi, Halmashauri ilifungua shauri mwaka 1871, na mwaka 1874 Jaji George Jessel akaamua kwamba nyua zile zilikuwa haramu. Sheria ya Msitu wa Epping ya mwaka 1878 iliukabidhi msitu kwa Halmashauri uwe mahali pa umma pa kupumzikia, na mwaka 1882 Malkia Victoria alifika mwenyewe kuufungua.

Sheria hiyohiyo iliyouokoa msitu ndiyo iliyokomesha ukataji wa matawi. Waungwana waliotoka London kutembea Jumapili walitaka miti mirefu ya kupendeza, na vichwa vilivyokatwa viliwachukiza. Wakataji walilipwa, na sehemu kubwa ya malipo ikawa jumba la mikutano. Ni vigumu kuona jinsi ukumbi unavyoweza kuwa badala ya moto. Mjane aliyekuwa na mzigo wa kuni kila wiki kuanzia Novemba sasa alilazimika kununua makaa ya mawe kwa fedha asiyokuwa nayo, hata kama alikaribishwa kusikiliza mhadhara.

Miti nayo haikufurahia mapumziko. Ile iliyozoea kukatwa kwa karne nyingi iliota matawi mazito juu ya mashina yaliyozeeka. Mingine ilipasuka kwa uzito wake, na kivuli kizito kikaua mimea iliyoishi chini yake. Katika miongo ya karibuni wasimamizi wa Epping wameanza tena kuikata baadhi ya vichwa, kwa uangalifu, kwa bajeti, na kwa mafundi wanaolipwa mshahara kwa kazi ambayo Samuel Willingale alifungiwa gerezani.