Mlango wa Shule na Mlango wa Mahakama

Sisi walimu twamzoea mtoto akiwa darasani, na hakimu humwona akiwa kizimbani. Lakini mtoto ni yule yule. Kwa hiyo atakaye kuzijua habari za shule katika nchi yetu, yampasa asome na habari za sheria.

Zamani za Waingereza, shule za Tanganyika zilikuwa za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Kila namna ilikuwa na fungu lake la fedha, na fungu la mtoto wa Kiafrika lilikuwa dogo kuliko yote. Huku kwetu kusini, toka Masasi kupita Nakapanya na Tunduru hata Songea, sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha ilichukuliwa na misheni. Hata nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, watoto wengi wa Kiafrika walikuwa hawajapata nafasi ya shule.

Nayo serikali ile ile, mwaka 1937, ilitoa sheria ya watoto na vijana. Ilisema kwamba aliye chini ya miaka 12 ni mtoto, wala asifungwe gerezani. Na wa miaka 12 hata chini ya 16 ni kijana, aweza kupelekwa katika shule ya maadilisho. Maneno hayo yalikuwa mema. Lakini na tufikiri: mtoto aliyekosa nafasi ya shule alipokuwa hana hatia, huenda akaipata baada ya kuiba. Serikali ilimjua kwa kosa lake kabla ya kumjua kwa jina lake katika daftari la shule.

Ubaguzi wa shule uliondolewa kwa sheria Januari 1962. Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni. Mahakama ilikawia zaidi: Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyomhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, ikaweka mahakama ya watoto, na kumpa haki ya kuwa na jamaa yake na wakili.

Wazee husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii yamwuliza mlezi, haimwulizi mtoto. Basi, ndugu walimu, nafasi ya mtoto ikiwa tupu darasani siku tatu, tusingoje. Twende kwao tukaulize, kabla hajaulizwa na hakimu.