Ghala la Majarida na Habari za Kale za Kongo

Katika parokia zetu wako wengi wanaouliza swali moja: habari za kale za nchi yetu na za Kanisa letu tutazipata wapi? Wazee waliozijua wanatuacha mmoja mmoja. Vitabu ni ghali, navyo vingi vilipigwa chapa Ulaya. Nyumba za vitabu zenye rafu zilizojaa ni chache, tena ziko mbali, katika miji mikubwa. Basi leo twataka kueleza habari za ghala moja la maandiko ambalo mtu aweza kulifungua kwa kompyuta au kwa simu. Tutasema asili yake, namna ya kulitumia na hatari zake. Ghala hilo lina makala juu ya wakristu wa kwanza wa Kongo ambazo kila katekista angefaa kuzijua.

Kwanza, jarida ni nini? Hatusemi magazeti ya habari za kila siku. Jarida la wataalamu ni kijitabu kinachotoka mara kadha kwa mwaka, na ndani yake watu wa elimu wanaandika mambo waliyoyachungua. Siku hizi, kabla makala haijapigwa chapa, wataalamu wengine huisoma na kuipima. Majarida ya kwanza ya namna hiyo yalizaliwa mwaka mmoja, 1665: la Paris, Journal des sçavans, mwezi wa Januari, na la London, Philosophical Transactions, mwezi wa Machi. Tangu hapo yameongezeka mno. Vyuo vikubwa viliyafunga kwa jalada gumu, mwaka juu ya mwaka, mpaka rafu zikakosa nafasi.

Na kweli, shida ya rafu ndiyo iliyolizaa ghala tunalolisema. Jina lake ni JSTOR, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya akiba ya majarida. Bwana William G. Bowen alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, tangu 1972 mpaka 1988, kisha akaongoza Mfuko wa Andrew W. Mellon. Alikuwa pia mjumbe katika baraza la Chuo Kikuu cha Denison, jimbo la Ohio. Huko walihitaji fedha nyingi kwa kupanua nyumba ya vitabu, sababu majarida ya kale yalikuwa yameijaza. Bowen akaona kwamba badala ya kila chuo kujenga nyumba kwa ajili ya kuweka karatasi zile zile, ingefaa kuzipiga picha mara moja tu, na vyuo vyote vizisome katika kompyuta. Majaribio yalianzia Chuo Kikuu cha Michigan, na majarida 10 tu ya historia na uchumi. Mwaka 1995 chama cha kujitegemea, kisichotafuta faida, kikaundwa kwa kazi hiyo. Leo majarida yaliyomo yamepita 2,000.

Hapo mwanzo hakuna aliyewafikiria wakristu wa Kongo. Watu walikuwa wakitunza nafasi katika nyumba zao tu, lakini faida ikafika hata kwetu. Mwaka 2006 wenye ghala walianza kuzisamehe ada taasisi nyingi za Afrika. Mwaka 2011 walifungulia watu wote, bila malipo, majarida ya zamani sana: yale ya Marekani yaliyotoka kabla ya 1923, na ya nchi nyingine yaliyotoka kabla ya 1870. Na tangu 2020 mtu asiye wa chuo chochote aweza kujiandikisha na kusoma makala mpaka 100 kwa mwezi bila kutoa hata faranga moja.

Hata hivyo milango hiyo haikufunguka bila huzuni. Mwaka ule ule wa 2011, kijana wa Marekani, Aaron Swartz, alishtakiwa na serikali kwa kuchukua mamilioni ya makala za ghala hili kwa njia ya mtandao wa chuo kimoja. Wenye ghala walipatana naye, lakini serikali haikuacha kesi. Alijiua mwezi wa Januari 2013, akiwa na miaka 26. Wengine wanasema alivunja sheria, wengine wanasema elimu iliyotokana na fedha za watu wote haifai kufungiwa na kufuli. Sisi twaona kwamba swali lake bado halijajibiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anayetafuta anaandika neno, na ghala linamletea makala zenye neno hilo. Ni jambo jepesi, lakini wengi wanashindwa hapo hapo, kwa sababu wanaandika majina ya leo. Makala ya mwaka 1935 haiwezi kutaja Kisangani, itasema Stanleyville. Lubumbashi utaikuta kwa jina la Elisabethville, na Kalemie kwa jina la Albertville. Kirungu na Moba yatupasa kuzitafuta pia kwa jina la Baudouinville. Majina ya watu ni vivyo hivyo. Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1917, wengine wamemwandika Étienne kwa Kifaransa. Wengine huandika Bakuba, wengine Kuba. Basi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, chukua karatasi, andika kila namna ambayo jina lako lingeweza kuandikwa na Mbelgiji, Mreno, Mwingereza na mtu wa kwetu. Na ukitaka maneno mawili yaliyofuatana, yafunge kwa alama za kunukuu, usije ukaletewa makala elfu zisizokuhusu.

Jueni tena kwamba kinachoonekana katika ghala ni picha ya ukurasa wenyewe, pamoja na namba yake, kwa hiyo waweza kuutaja kama mtu aliyeshika jarida mkononi. Lakini maneno unayoyatafuta yalisomwa na mashine nyuma ya picha ile, na mashine hukosea, hasa penye herufi za kale zilizofifia na penye majina ya kwetu ambayo haikuyazoea. Usipopata kitu, usiseme hakipo.

Natutoe mfano. Andika jina la Kongo pamoja na neno la Kanisa, nawe utakuta makala ya mwanahistoria John Thornton, iliyotoka mwaka 1984 katika The Journal of African History, jarida lililoanzishwa 1960. Yaeleza Kanisa katika ufalme wa Kongo tangu 1491 mpaka 1750. Ufalme ule ulikuwa upande wa bahari, mbali na sisi wa mashariki, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Lakini wale ndio ndugu zetu wakubwa katika ubatizo. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwanawe Afonso, aliyetawala tangu 1509, alieneza dini na shule, na barua ya Padri Rui de Aguiar ya mwaka 1516 yataja hata shule ya wasichana chini ya dada ya mfalme. Mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi alimteua Henrique, mwana wa Afonso, kuwa askofu. Na mwaka 1526 Afonso aliandika kwa mfalme wa Ureno akilia kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wake na kuwauza.

Vitabu vingi vilisema kwamba ukristu ule ulikuwa nguo ya kigeni tu, iliyovaliwa juu juu na kuvuliwa upesi. Thornton alizisoma barua za zamani akaona vingine. Kanisa la Kongo liliongozwa na Wakongo wenyewe, na Ureno ilipotaka kulishika kwa ajili ya siasa yake haikufaulu. Mapadri walikuwa wachache siku zote. Walipita, wakabatiza, wakaenda zao. Waliokaa na watu na kuwafundisha watoto sala katika Kikongo ni walimu walei, waliozaliwa katika nchi ile ile. Mwandishi aonyesha tena kwamba hukumu kali juu ya wakristu wale ililetwa zaidi na wamisionari wa karne ya 19, waliokuja na kipimo kingine. Tunaofanya kazi ya ukatekista twaisoma makala hii kwa moyo mwingine kuliko msomaji wa Ulaya. Karne nyingi kabla yetu wako waliobeba mzigo huu huu.

Mtu huyo huyo aliandika makala nyingine katika jarida lile mwaka 1977, nayo ni ya ajabu zaidi. Alitaka kujua watu wa Kongo walikuwa wangapi. Wengine walikuwa wakisema milioni mbili na zaidi. Yeye akachukua hesabu za ubatizo zilizoandikwa na mapadri Wakapuchini, waliofika Kongo mwaka 1645. Kwa kuwa watoto karibu wote walibatizwa, hesabu ya ubatizo ilikuwa karibu na hesabu ya waliozaliwa, na kwa kuzaliwa mtu aweza kukadiria taifa zima. Akapata kama nusu milioni.

Lakini hapa pana hatari ya ghala. Wenye majarida waliogopa kukosa wanunuzi, kwa hiyo walipatana na ghala kwamba matoleo mapya, mara nyingi ya miaka mitatu mpaka mitano, yasiwekwe. Huo huitwa ukuta unaosogea, maana kila mwaka unapokwisha, ukuta nao unasogea mwaka mmoja. Sasa, mwaka 2021 Thornton alirudi katika jarida lile lile akaisahihisha hesabu yake ya 1977. Anayekuta makala ya kwanza na kufurahi nayo, asitafute kilichoandikwa baadaye, atafundisha watu hesabu ambayo mwenyewe amekwisha kuiacha. Kwa hiyo mtafutaji asikose kuuliza kila mara: ni nani aliyejibu makala hii, na mwaka gani?

Na yako mambo ambayo hayamo kabisa, sababu hayakuandikwa na mtu. Katika toleo la kwanza la jarida lile, mwaka 1960, Mbelgiji Jan Vansina aliandika jinsi alivyokusanya historia ya Bakuba kutoka vinywani mwa wazee wao, akayapima maneno yao kama hakimu anavyopima ushuhuda. Kazi hiyo yangojea watu katika makabila mengi.

Viko tena vitabu vya parokia. Mstari wa mbatizwa, wazazi wake, msimamizi, kijiji na mwaka, umo kabatini kwetu, pamoja na mchwa na unyevu. Ghala la Marekani halina vitabu hivyo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za 1983 yaamuru vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Na kanuni ya 470 ya Sheria za 1917 ilitaka kila mwisho wa mwaka nakala za vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo zipelekwe kwa askofu. Basi parokia iliyopoteza vitabu vyake kwa moto au kwa vita yaweza kuanza kuulizia huko, kwa kutaja miaka inayokosekana.