Ushuru wa Tabora uliomng'oa mtemi

Anayesomea shahada ya uzamili ya uchumi wa mazingira na maliasili hukutana mapema na majina mawili. La kwanza ni Harold Hotelling, Mmarekani aliyechambua mwaka 1931 bei ya rasilimali zinazokwisha. La pili ni Scott Gordon, Mkanada aliyeonyesha mwaka 1954 kwa nini samaki wasio na mwenyewe huvuliwa mpaka faida yote ipotee. Hayo ni maandishi ya kuheshimiwa. Ila mambo yanayofundishwa humo yalikwisha kupiganiwa kwa bunduki Tabora, miaka tisini na ushei kabla ya Gordon kushika kalamu.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, walikuta Waarabu wa Unguja wameshajenga matembe yao katika utemi huo wa Unyanyembe. Bidhaa kuu ilikuwa pembe za ndovu, zikipimwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Katika msafara mbebaji wa pembe alikuwa mtu wa hadhi: alitembea karibu na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, kengele ya ng'ombe ikining'inia kwenye ncha ya pembe yake. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa watu wa ujira, na kazi yao waliijua.

Bei ya pembe Unguja ilipanda karibu karne nzima, kwa sababu Ulaya na Marekani walizitaka kwa vinanda na mipira ya biliadi. Wakati huohuo kitambaa cha merikani na bunduki vilikuwa vikishuka bei. Mwindaji alipata zaidi kwa kila ndovu, na alijua kwamba ndovu atakayemwacha leo ataangushwa na mwingine kesho. Hapo hata mwenye busara hangoji.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwaka 1858, alimrithi Mnywa Sele, naye akafanya jambo ambalo mwanauchumi wa leo angelipigia makofi: alitoza ushuru bidhaa zote zinazoingia nchini mwake. Kwa lugha ya sasa, alidai fungu la nchi katika utajiri unaopita mlangoni pake. Wafanyabiashara waligoma, wakamfukuza, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Speke aliporudi mwaka 1861 alikuta vita bado vinaendelea. Mnywa Sele alihangaika porini kwa miaka kadhaa, akakamatwa na kuuawa mwaka 1865.

Kwa maoni yangu, kosa lake halikuwa tamaa. Alitoza ushuru bila nguvu ya kuulinda, huku walipaji wakiwa na mtemi mwingine mkononi. Mtemi Mirambo wa Urambo alijifunza kutokana na kosa hilo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akawashinda Waarabu waliomvamia wakiwa pamoja na mwandishi wa habari Stanley, na tangu hapo misafara ililazimika kumjali.

Kwa ndovu, hata hivyo, hakuna aliyeshinda. Walivyozidi kuadimika Unyamwezi, biashara ilisogea magharibi, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, alikotajirikia mfanyabiashara Tippu Tip. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, enzi ya msafara wa pembe ilikuwa imekwisha.

Siku hizi somo hilo la uchumi wa maliasili linafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mali inayobishaniwa Tabora ni misitu ya miombo. Mkulima wa tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge anahitaji kuni za kukaushia majani kwenye bani. Mti aliokata porini haumo katika bei ya kilo anayolipwa, na mnunuzi wa ng'ambo haulipii. Mfuga nyuki wa jirani ndiye anayeona hasara, maana mizinga yake inategemea maua ya miti hiyohiyo. Swali la Mnywa Sele limebaki palepale: nani alipe, na nani ana ubavu wa kumlipisha?

Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, njooni Tabora. Gordon msomeni, lakini Mnywa Sele naye apewe nafasi kwenye mtaala.