Damu Ikivilia

Ukipigwa Kenya hii, unaripoti polisi, unapewa fomu ya P3, daktari anaijaza. Hapo unaweza kupatana na neno ekimosisi, na usijue ni wewe unasemwa.

Neno lenyewe ni la Wagiriki. Ek ni nje. Khymos ni utomvu, majimaji. Madaktari wa enzi za Hippocrates waliamini mwili unaendeshwa na majimaji, na pigo huyamwaga nje ya njia zake. Mishipa midogo kabisa ilikuja kuonekana mwaka 1661, Malpighi alipochungulia pafu la chura kwa hadubini. Kumbe wazee hawakuwa mbali: mishipa hiyo hupasuka, damu ikatoka, ngozi ikabaki nzima.

Kiswahili nacho kinasema damu imevilia. Mgiriki aliitazama ikimwagika. Sisi tunaitazama ikikwama pale chini ya ngozi. Baadaye hugeuka kijani, kisha manjano, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hujificha. Daktari anaweza kuzikosa. Kwa hivyo usingoje macho yake: mwambie hapa pamevilia, abonyeze, kisha muulize ameandika nini. Hiyo damu ni yako.