Makumbusho Yasiwe Nyumba Moja

Nyumba ya makumbusho ikianza kupasuka kuta, wenyewe wana njia mbili. Ama wafunge mlango na kusema, "Rudini tukimaliza," ama watengeneze huku watu wanapita. Kufunga ni rahisi kwa fundi, lakini gharama yake hubebwa na wengine.

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalifungwa mwaka 2005 ili yakarabatiwe na kupanuliwa, yakafunguliwa tena 2008. Yalirudi mazuri, hapana shaka. Ila mtoto aliyekuwa darasa la tano yalipofungwa, alikuwa la nane yalipofunguliwa. Miaka hiyo haikumngoja.

Unguja mambo yalikuwa mabaya zaidi. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuja kuwa makumbusho, kisha uchakavu ukafunga milango yake. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande mkubwa uliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo la namna hiyo lazima lifungwe, roho ya mtu kwanza. Basi tujiulize: kwa nini historia yote ikae chini ya paa moja?

Sisi wa Mwakitolyo tunalo jibu upande wa Mwanza, pale Bujora, Kisesa. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padre David Clement kutoka Kanada, hayakujengwa kama jumba moja. Ni kama mji wa Kisukuma: kuna nyumba ya asili, ya mhunzi, ya mganga, jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, na la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Utawala wa watemi ulifutwa 1963, lakini ngoma zao zina pa kukaa. Paa la mhunzi likivuja, fundi apande. Mgeni ataanzia kwa watemi. Na Bulabo ikifika mwezi wa sita, watu wanacheza uwanjani. Uwanja hauna bati la kung'oa.

Huku kwetu machimboni hata hicho cha kukarabati hatuna. Dhahabu ikionekana, maturubai yanasimama kama uyoga. Ikikata, watu wanahama, eti hapakuwa na kitu. Nani ataandika majina ya maduara yaliyofukiwa, na ya wenzetu waliofukiwa humo?

Vijana wenzangu, tusingoje jengo. Karai na sururu kuukuu vikae shuleni, kumbukumbu za wazee ziandikwe daftarini, na daftari liwe na nakala kwa mtu mwingine. Mlango mmoja ukifungwa, mingine ibaki wazi. Anayetaka kuandika riwaya aanze hapo: jina la duara moja, mwaka lilipochimbwa, na waliolichimba.