Mafumbo matatu ya mizani, na jinsi yanavyolinda gramu zako

Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, jasho la wengi huishia kwenye mizani. Mkulima hupeleka pamba kupimwa, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo hupeleka dhahabu, na mama wa gengeni hupima dagaa. Anayeelewa mizani inavyofanya kazi si rahisi kupunjwa.

Mizani pia ndiyo chanzo cha mafumbo ya hesabu ambayo watu wamekuwa wakichemshia bongo kwa mamia ya miaka. Leo tunakuletea matatu. Usikimbilie jibu. Chora mizani mchangani, okota vijiwe, kisha ujaribu na watoto nyumbani.

Fumbo la kwanza: pakiti tisa za chumvi

Una pakiti tisa za chumvi zinazofanana. Nane zina uzito sawa, moja ni nyepesi. Una mizani ya sahani mbili, bila mawe ya kupimia. Utaipataje pakiti nyepesi kwa kupima mara mbili tu?

Wengi huanza kwa kuweka nne huku na nne kule. Njia hiyo inaweza kukulazimisha upime mara tatu. Ujanja ni kugawa tatu tatu. Weka tatu kushoto na tatu kulia, tatu zibaki chini. Upande mmoja ukipanda juu, pakiti nyepesi iko huko. Sahani zikilingana, iko kwenye zile tatu za chini. Sasa umebakiwa na tatu: weka moja huku, moja kule, moja chini. Jibu umelipata.

Siri ni kwamba mizani hutoa majibu matatu: kushoto, kulia, au sawa. Kwa hiyo kila ukipima, unagawa kwa tatu. Pakiti 27 zinahitaji kupima mara tatu, na pakiti 81 mara nne tu.

Fumbo la pili: jiwe la kilo 40

Mfanyabiashara alikuwa na jiwe la kupimia la kilo 40. Likaanguka, likapasuka vipande vinne. Badala ya kulia, akafurahi, kwa sababu kwa vipande hivyo aliweza kupima kila uzito kuanzia kilo 1 hadi kilo 40, bila nusu nusu. Vipande vilikuwa na uzito gani?

Fumbo hili ni la zamani. Huitwa kwa jina la Mfaransa Bachet, aliyetoa kitabu cha mafumbo ya hesabu mwaka 1612, lakini Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, alikuwa ameshaandika kuhusu mawe ya namna hii tangu mwaka 1202.

Vipande ni kilo 1, 3, 9 na 27. Kumbuka kuwa jiwe unaweza kuliweka hata upande wenye mzigo. Unataka kilo 2 za mchele? Weka jiwe la 3 upande mmoja, jiwe la 1 upande wa mchele. Unataka kilo 20? Weka 27 na 3 upande mmoja, jumla 30. Upande wa mchele weka 9 na 1, jumla 10. Mchele utakaolinganisha sahani ni kilo 20. Jaribu mwenyewe kilo 14.

Fumbo la tatu: mizani yenye mkono mrefu

Hapa ndipo pesa yako ilipo. Mizani ya sahani mbili ni ya haki kama mikono yake miwili ina urefu sawa. Mkono mmoja ukiwa mrefu zaidi, hata kidogo, sahani zikiwa tupu zinaweza kusawazishwa zikatulia vizuri, na jicho lisione kitu.

Tuseme una dhahabu gramu 10. Ikiwekwa kushoto, mizani inasema gramu 8. Unamwomba mnunuzi ahamishie dhahabu kulia na mawe kushoto. Sasa inasema gramu 12.5. Mizani imejifichua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: omba sahani zibadilishwe. Majibu mawili yakitofautiana, usiuze.

Uzito wa kweli ni upi? Wengi watajumlisha na kugawa kwa mbili, wapate gramu 10.25. Sivyo. Unazidisha: 8 mara 12.5 ni 100. Kisha unatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta 100. Ni 10.

Ipo njia isiyohitaji hesabu, inayojulikana kwa jina la Mfaransa Borda. Weka dhahabu kwenye sahani moja, na sahani ya pili mimina mchanga hadi zilingane. Ondoa dhahabu, mchanga uache. Mahali pale pale palipokuwa na dhahabu, weka mawe ya kupimia hadi zilingane tena. Mawe hayo ndiyo uzito wa kweli, hata kama mizani ni mbovu, mradi mawe yenyewe ni halali.

Na mizani ya kidijitali je?

Pima kitu cha kwanza, pima cha pili, kisha pima vyote pamoja. Tuseme umesoma kilo 7, kisha 5, na kwa pamoja 13. Mbona si 12? Mizani hiyo inaiba kilo 1 kila inapopima: mara mbili ulipopima kimoja kimoja, mara moja ulipopima pamoja.

Lakini mizani inayopunguza sehemu ya kila uzito, mfano kumi kwa mia, itapita mtihani huu. Hapo unahitaji kitu ambacho uzito wake unaujua. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa 12 za lita moja ambazo hazijafunguliwa, pamoja na plastiki yake, hazipaswi kusoma kilo 11, sembuse 10.

Kisheria, kazi ya kukagua mizani ya biashara ni ya Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Angalia alama ya ukaguzi na mwaka wake. Kwa dhahabu, uza kwenye soko rasmi la madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019.

Fumbo la kuondoka nalo

Mnunuzi mwenye mizani ya mkono mrefu anakuambia: "Tupime kwa haki. Gramu 10 tupime upande huu, gramu 10 upande ule, nikulipe gramu 20." Utakubali?

Jibu: usikubali. Kwa mizani ile ya fumbo la tatu, upande mmoja jiwe la gramu 10 litalingana na dhahabu gramu 8, upande wa pili na gramu 12.5. Umetoa gramu 20.5, umelipwa 20. Nusu gramu imekwenda, na kila mtu alidhani mmegawana hasara.