Takataka za Sangara

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Wakati wa likizo niliwaleta wenzangu wanne kwetu Mwanza, na siku ya tatu tukapanda meli kwenda Nansio, Ukerewe. Tulitaka kulala usiku mmoja ufukweni, kwenye hema la kuazima. Mzee mmoja mvuvi alikubali kutupeleka kwa mtumbwi wake hadi ghuba ndogo iliyo jirani na kambi ya wavuvi. Njiani alipitia ndoana alizotega tangu asubuhi, na kwenye mojawapo akatoa sangara wa kama kilo nne. Tukamnunua palepale.

Wenzangu walinipa kisu. Mimi ndiye niliyezaliwa ziwani, kwa hiyo ilionekana kazi ni yangu. Nilikaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, nikapaa magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, nikapasua tumbo, nikachota matumbo yote kwa mkono mmoja na kuyarusha ziwani. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo tangu utoto.

"We binti! Unafanya nini?"

Mzee aliingia majini hadi magotini, akayavuta matumbo kwa kasia kabla hayajaenda mbali. Akayaweka juu ya jiwe, akapekua, akatoa mfuko mweupe unaoteleza. Akausuuza, akaubandua utando wa juu kwa kucha, akautandaza kwenye ubao wa mtumbwi ukauke.

"Umetupa pesa, mwanangu," akasema. "Halafu hapo ulipotupa ndipo mtakapochota maji ya chai. Na huku kwetu mamba haalikwi."

"Samahani, mzee. Sikujua."

"Utajua leo."

Akanionyesha. Mafuta yaliyozunguka matumbo aliyatia kwenye kopo, akayayeyushe nyumbani. Ini akampa mbwa wa kambi, aliyekuwa ameshafika kabla ya kuitwa. Kilichobaki, yaani magamba, matamvua na uchafu wa tumboni, kilijaa konzi mbili tu. Tulichimba shimo la kufika magotini, juu kabisa, mbali na alama ambayo maji huacha yanapojaa na mbali na hema letu. Tukafukia, tukaweka mawe juu ili mbwa na mwewe wasifukue. Mahali pa kupaa samaki tulipamwagia maji hadi harufu ikapungua.

Kisha akatoa minofu, upande huu na upande ule, kwa ajili ya kuchoma. Kikabaki kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, vimeshikana. Mwenzangu mmoja alikinyanyua kwa mkia, akacheka, akauliza, "Na hii takataka nayo ikafukiwe?"

Sisi tunaliita panki. Nilisomeshwa na hilo.

Sikumjibu upesi. Ili nieleze kwa nini, inabidi nianze mbali kidogo, kwa sababu neno takataka lina historia ndefu katika ziwa hili.

Kabla ya sangara, Ziwa Victoria lilikuwa ziwa la furu. Furu ni samaki wadogo, wengi wao wa kujaa kiganjani, wa aina zinazokadiriwa kufika 500, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wengine walikula konokono, wengine mwani, wengine mayai na makinda ya furu wenzao. Watu wa kandokando ya ziwa waliwala wabichi, na waliobaki waliwapasua na kuwaanika juani. Ilitosha kuwa na jua na jiwe safi.

Wasimamizi wa uvuvi wa enzi ya ukoloni waliwatazama furu kwa jicho jingine. Ngege, samaki mwenye bei nzuri sokoni, alikuwa ameanza kupungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Waliobaki kwa wingi walikuwa furu, na katika maandishi ya wataalamu wa wakati ule furu waliitwa samaki takataka. Wana mifupa mingi na hawana mnofu wa kukata. Likazuka wazo: aletwe samaki mkubwa mla samaki, awale hao wadogo na kugeuza takataka kuwa nyama. Samaki huyo alikuwa sangara, anayeweza kufika kilo 200, aliyekuwa akiishi katika maziwa ya Albert na Turkana na katika mto Nile.

Si wote waliokubali. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika makala ya kupinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kila ngazi ya kuliana hupoteza chakula kingi, kwa hiyo kilo moja ya sangara hugharimu kilo nyingi za furu. Lakini wakati anaandika, sangara alikuwa ameshaanza kutiwa ziwani kwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine.

Kwa karibu miaka 20 ilionekana kama hakuna kilichotokea. Katika miaka ya 1970, huku kwetu Mwanza, furu walikuwa wangali wengi kiasi kwamba kiwanda kilijengwa cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Walikuja kusoma jinsi aina nyingi namna ile zilivyotokea. Katika miaka ya 1980 nyavu zao zilianza kutoka na sangara, na furu wakawa wanatoweka mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1992 Frans Witte na wenzake walikadiria kwamba aina 200 hivi huenda zilikuwa zimetoweka. Baadhi zimerejea baadaye, sangara alipopunguzwa na uvuvi, lakini si zote.

Bibi yangu alilieleza jambo hilo kwa njia ya jikoni. Alisema sangara alipokuja kwa wingi watu hawakumpenda, kwa sababu ana mafuta mengi mno. Ukimwanika juani kama furu, anaoza. Lazima umkaange au umbanike kwa moshi, na moshi unataka kuni. Watafiti nao waliliona hilo: uvuvi wa sangara ulikwenda pamoja na ukataji wa miti visiwani na pwani ya ziwa. Samaki alipobadilika, jiko nalo likabadilika, na mlima ukabaki mtupu.

Halafu dunia ikamwona sangara. Viwanda vya minofu vilianza Kisumu katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 vikajengwa kwa wingi Mwanza, Musoma na upande wa Uganda. Kiwanda kilitaka kitu kimoja tu kwa samaki, yaani mnofu usio na ngozi wala mfupa, ugandishwe na kusafirishwa Ulaya. Zaidi ya nusu ya uzito wa sangara haiingii katika mnofu huo. Kichwa, mgongo, mkia na ngozi vilibaki kiwandani kila siku, kwa tani.

Ndipo wanawake walipoingia. Kisumu mabaki hayo yaliitwa mgongo wazi, na mtaa wa Obunga ukajulikana kwa kuyakaanga. Huku kwetu yaliitwa mapanki. Mama alianza biashara hiyo mimi nikiwa sijaanza shule. Alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kupanga foleni, anarudi na ndoo tatu. Mapanki huoza haraka kuliko samaki mzima, kwa sababu yameshapasuliwa na nyama iko wazi. Kwa hiyo hakuna kupumzika. Unaosha, unatia chumvi, unakata, unakaanga siku hiyohiyo katika karai kubwa, na mafuta yanayotoka kichwani unayakinga ukaangie ya kesho. Sehemu tamu ni shingo na mashavu, ambako kisu cha kiwanda hakifiki vizuri. Jioni tulikaa naye barabarani, taa ya chemli mezani, na mafundi, makuli na watoto wa shule wakaja kununua kipande kimoja kimoja.

Wanunuzi wa mapanki walikuwa wengi, na wote hawakuwa watu. Viwanda vya chakula cha kuku navyo viliyataka. Mwaka 1997 Richard Abila na Eirik Jansen walieleza, kwa upande wa Kenya, jinsi viwanda vya minofu na vya kusaga samaki vilivyokuwa vikishindana na wenyeji kwa samaki walewale: minofu inakwenda nje, na mifupa inawania kati ya kuku na maskini. Mama hakuhitaji kuisoma ripoti hiyo. Alijua siku ambayo lori la kiwanda cha kusaga limefika kabla yake.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Viwanda vikapunguza kazi. Unaweza kudhani kwetu ilikuwa nafuu, maana samaki mzima alishuka bei. Lakini kiwanda kisipokata minofu hakitoi mapanki. Nakumbuka karai limegeuzwa chini juu ukutani, na mama akiuza maandazi ambayo hakuna aliyeyapenda. Nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya ada.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare. Iliwaonyesha Wazungu walaji wa minofu kile kinachobaki Mwanza: matope, funza, wanawake wakianika mapanki kwenye vichanja. Filamu ilisifiwa sana huko nje. Huku iliwaudhi wengi, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani. Watu wakabishana kama mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo. Nilikuwa sekondari, na nilijifunza kutosema mama anauza nini. Kwenye fomu za shule niliandika "mfanyabiashara".

Muhula uleule wa kabla ya safari yetu ya Ukerewe, tuliitazama filamu hiyo chuoni, kwenye kompyuta ya mwenzangu. Ilipofika sehemu ya mapanki mmoja aliziba pua kana kwamba harufu inatoka kwenye kioo. "Kweli kuna watu wanakula hivi?" akauliza. Nikasema sijui. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na jambo hilo ndilo lililoniuma baadaye. Filamu haikudanganya kuhusu funza. Ila haikumwonyesha mama akimwaga ndoo nzima kwa sababu imeanza kunuka, akakubali hasara kuliko kuuza kibovu kwa majirani.

Sasa mwenzangu huyohuyo alikuwa amesimama mbele yangu ameshika panki kwa mkia.

Nikamwambia alete. Nikalikata vipande vinne, nikapaka chumvi, na mzee akatuazima karai kutoka kambini. Wakati mafuta yanapata moto nikawaambia. Niliwaeleza habari za foleni ya alfajiri, chemli na fomu za shule, na pia kwamba siku ile ya filamu nilisema uongo. Hakuna aliyesema neno kubwa. Mmoja alikula kichwa chote na kunyonya mifupa. Mwingine alionja, akasema ni kitamu, akarudi kwenye mnofu wake. Sikumlaumu.

Mzee alikuwa akisikiliza huku akiligeuza bondo lake. Nilimuuliza linakwenda wapi. Akasema kuna mtu hupita kununua, na kutoka hapo linakwenda China. Hakukosea. Mabondo makavu ya sangara husafirishwa hadi Hong Kong na China, hupikwa supu, na kadiri bondo linavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyopanda. Kwa kilo, bondo kavu lina thamani kubwa kuliko mnofu, mara nyingi zaidi. Huko nyuma wavuvi walilitupa pamoja na matumbo, kama nilivyofanya mimi.

"Zamani tulikuwa tunawapa ndege," mzee alisema. "Hatukuwa wajinga. Hakukuwa na mnunuzi."

Nililala nikiyafikiria maneno hayo. Furu aliitwa takataka na watu ambao hawakuwa wakimla. Panki liliitwa takataka na kiwanda, na bondo likaacha kuwa takataka siku alipotokea mtu wa mbali mwenye pesa. Samaki hakubadilika mwili wake katika miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni nani amesimama sokoni, na nani anaruhusiwa kutaja bei.

Asubuhi kabla ya kuondoka tulizunguka ufukwe kuokota mifupa ya usiku na kuifukia kwenye shimo lilelile. Shimo lenyewe halikujaa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba nimewakaangia wenzangu panki. Akauliza kama niliosha vizuri na kama mafuta yalikuwa ya moto vya kutosha. Kisha nikamsimulia habari ya bondo, nikamuuliza kama katika miaka yake yote aliwahi kuuza hata moja.

"Bondo?" akasema. "Hatukuliona sisi. Lilikuwa limeshatolewa panki lisijafika mlangoni."